Mji Uliotolewa kwa Kitendawili

Haya, sogeeni. Anayechambua mchele aendelee kuchambua, maana hadithi haihitaji mikono, inahitaji masikio, na sijawahi kuona mtu akichambua mchele kwa masikio.

Palikuwa na mama mmoja wa milimani, jina lake Nakijwa, aliyepika katika chuo cha wainjilisti kwa miaka ishirini na sita. Jiko lilipakana na darasa, na katikati palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Wanafunzi walipata harufu ya maharage, naye akapata masomo. Wanafunzi walikaa miaka mitatu wakaondoka. Nakijwa alibaki, akasikia somo lile lile la Mwalimu Mshana, somo la desturi za Wayahudi wa kale, mwaka baada ya mwaka. Ikafika mahali mwalimu akisahau jambo anageukia dirishani, na Nakijwa, mwiko mkononi, anamtupia: "Ulikuwa kwenye kanzu zao, mwalimu."

Alivyofika nchi ya Herufini msiniulize. Alitoka, akafika, miguu ikamuuma, basi.

Lazima mjue kwanza nchi hiyo ilivyokuwa. Zamani sana Kitabu kiliwafikia kikiwa kimefungwa katika kitambaa safi. Kitabu kilifika, wenyewe waliokisimulia hawakufika. Waherufi wakakipenda kwa moyo wote, wakaapa watafanya kila neno kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na watu wa kuuliza "hapa mlikuwa na maana gani?" hawakuwapo. Wala wao hawakuona kwamba wamepungukiwa na kitu.

Langoni Nakijwa alipokelewa na mtu mwenye kamba ya katani begani. Cheo chake kilikuwa Mfunga Viuno.

"Inua mikono, mama."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kitabu kimesema viuno viwe vimefungwa."

"Lakini baba," Nakijwa akasema, "Wayahudi wa kale walivaa kanzu ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtu akitaka kukimbia au kushika kazi, aliinua pindo akalichomeka kwenye mshipi. Kufunga kiuno ni kujiandaa."

"Hata mimi nimejiandaa," yule mtu akajibu. "Nimejiandaa kukufunga."

Akamfunga kisawasawa. Ndivyo walivyokuwa wote. Nakijwa aliona shamba la mtama limeshikwa na magugu na wenye shamba wamesimama kando wakilitazama, kwa maana kamba haikuwaruhusu kuinama.

Barabarani hakusalimiwa na mtu. Kitabu kilikuwa na mahali ambapo wajumbe waliotumwa wanaambiwa wasimsalimu mtu njiani, na Waherufi walilishika hilo. Lakini binadamu akose kusalimu, ataweza? Basi walipokutana waliruka mtaroni, wakasalimiana humo, wakaulizana habari za nyumbani, za mifugo na za kifua cha shangazi, kisha wakapanda tena barabarani kila mtu kimya kama hamjui mwenzake. Barabara ilikuwa imeota nyasi katikati. Mitaro ndiyo iliyokanyagwa ikang'aa.

Nakijwa alikumbuka sauti ya Mwalimu Mshana dirishani: salamu za watu wale zilikuwa ndefu, mtu anakumbatiwa, anabusiwa, anakaribishwa, jua linazama. Mwenye ujumbe wa haraka aliambiwa asijicheleweshe. Alitamani kumweleza mtu, lakini wa kuelezwa wote walikuwa mtaroni.

Humo mtaroni ndimo alimokutana na Bi Yokebedi, mjane wa makamo, mfupi, mwenye kicheko kinachotangulia maneno yake.

"Mgeni, una pa kulala?"

"Sina, dada."

"Unapo. Twende."

Hivyo tu. Hakumuuliza kabila wala siku atakazokaa. Nyumbani kwake mlikuwa na binti yake Zila, mwanamke mzima wa miaka thelathini, na watu wengine wawili waliokuwa wanakula, ambao Bi Yokebedi hakuwa na hakika ni akina nani. "Walipita, wakaonekana wana njaa," alisema.

Uji wa asubuhi haukuwa na sukari. "Tumeishiwa, utusamehe," mwenyeji akamwambia. Nakijwa akasema haidhuru. Ndani ya kifurushi chake, chini ya kitanda, alikuwa na bonge la sukari guru kama ngumi ya mtu mzima. Alijiambia kwamba ile ni ya safari ya kurudi.

Asubuhi hiyo pia alisikia jambo lililomtoa macho. Zila alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika nje:

"Mama, nakuchukia."

"Nimesikia, mwanangu. Uji wako huo, nimeupoza."

Dirishani kivuli kikapita. Alikuwa ni Msikiliza Chuki, aliyezunguka kila nyumba kuhakikisha watu wanawachukia baba na mama zao kama ilivyoandikwa.

Kivuli kilipoondoka Nakijwa akanong'ona, "Jamani, mwaona vigumu bure! Watu wale walipolinganisha mapenzi mawili, penzi lililotangulia waliliita kupenda, la pili wakaliita kuchukia. Ni kusema Mungu awe mbele, mama afuate nyuma. Hakuna aliyetumwa kumchukia mamaye."

Zila akaweka bakuli chini. Machozi yakamlengalenga. "Miaka yote hii," akasema, "kila nikisema vile nauma ulimi kwanza."

"Najua," mama yake akamjibu. "Nauona ulivyovimba." Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati. "Mgeni, hayo uliyoyasema, yasitoke nje ya mlango huu. Na hasa kesho."

"Kesho kuna nini?"

Zila ndiye aliyejibu. Kesho ilikuwa Siku ya Macho. Kitabu kinasema jicho ni taa ya mwili, jicho likiwa baya mwili wote una giza. Kwa hiyo kila mwaka Waherufi walipimwa macho uani kwa serikali. Mwenye jicho baya alihesabiwa kuwa amejaa giza, akatolewa nje ya ukuta wa kusini, mahali palipoitwa Gizani, penye mawe na upepo na hakuna jirani. Hakupewa taa, maana aliyejaa giza taa ya nini? Wala hakurudi.

Nakijwa akamtazama Bi Yokebedi kwa mara ya kwanza vizuri. Jicho lake la kushoto lilikuwa na wingu jeupe.

"Mtoto wa jicho," Nakijwa akasema polepole.

"Wa miaka miwili sasa. Mwaka jana nilipita. Nililikariri lile bao la herufi wanalopimia macho, Zila akinisomea, nikalisoma uani kama kasuku." Akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Juzi wamebadilisha bao."

Siku ya pili wakaenda. Uani palikuwa na kiti kirefu, na juu yake ameketi Mheshimiwa Obedi, Mpima Macho Mkuu. Macho ya mtu yule, wajukuu zangu, yalikuwa mazuri kweli. Aliweza kuona nzi juu ya paa la jirani akajua ni jike au dume. Na kwa macho hayo aliona pia kila aliyekaribia ghala zake. Alikuwa na ghala saba za mtama, na haikusemekana kuna mtu aliyewahi kutoka kwake na hata konzi moja. Mchana watu walipojibanza ukutani kwake kukwepa jua, aliweka uzio kuzunguka kivuli.

Pembeni yake aliketi Karani wa Herufi, Bwana Shemaya, mwembamba, kalamu sikioni, mtu asiye na ubaya wowote ila hakuwahi kucheka jambo ambalo halijaandikwa.

Nakijwa alipimwa akapita, akabandikwa kipande cha kitambaa chekundu begani. Zila akapita. Bi Yokebedi akasimama mbele ya bao, akafunikwa jicho la kulia.

"Soma."

Akanyoosha shingo.

"Soma, mama."

"Naona weupe, mheshimiwa. Weupe mzuri tu."

Watu wakaguna. Obedi akainama kumchungulia. "Jicho baya."

"Ana mtoto wa jicho tu, mheshimiwa!" Nakijwa akapaza sauti.

Karani Shemaya akachomoa kalamu. "Mtoto huyo ameandikishwa? Jina lake nani?"

Hakuna aliyecheka. Obedi akaanza kutamka hukumu ya Gizani, na Zila akamshika mama yake mkono kwa nguvu hata vidole vikabadilika rangi. Bi Yokebedi hakulia. Alimgeukia binti yake akamwambia kwa sauti ndogo, "Nimeacha maharage yameloekwa. Wale wawili wakirudi uwape."

Nakijwa alisikia hilo, akasogea mbele. Akauliza, "Mheshimiwa, mgeni anaruhusiwa kusema uani?"

Obedi akamtazama karani. Karani akafungua daftari. "Mgeni anaruhusiwa swali moja kabla ya hukumu kukamilika."

Swali moja. Nakijwa akafikiri. Angeuliza la kubishana, wangemjibu kwa herufi, na yamekwisha. Akakumbuka watoto wa milimani jinsi walivyokuwa wakimzunguka jikoni. Akasimama wima.

"Kitendawili!"

Watu wakatazamana. Kisha sauti moja ya nyuma, ya mtu aliyejisahau, ikaitikia: "Tega!"

"Makazi yake usoni, kazi yake mkononi."

Uani pakachangamka mara moja. Wakasahau walikuja kwa jambo gani.

"Miwani! Unaivua kwa mkono!"

"Siyo."

"Jasho!"

"Ndevu, ukinyoa!"

"Kofi!" akapiga kelele mama mmoja. "Linakaa usoni, linatoka mkononi!" Watu wakamshangilia, hata Nakijwa akatabasamu, lakini akatikisa kichwa.

Obedi akajaribu mara tatu kwa hasira, maana hakupenda kushindwa mbele za watu. Akashindwa mara tatu. Mwishowe akasema, "Basi tuambie."

"Kwetu, mheshimiwa, mkishindwa mnanipa mji kwanza. Nipeni mji."

"Mji?"

"Mji. Ndipo nitoe jibu."

Obedi akamwinamia Shemaya, wakanong'ona kwa muda. Mheshimiwa alikuwa akitaka mno lile jibu. Akainuka. "Mji tulio nao ni huu mmoja. Haya, tunakupa Herufini."

"Nimeupokea," Nakijwa akasema, kama alivyozoea kuwajibu watoto.

Ikasikika kalamu ya karani ikikwaruza. Shemaya akapiga muhuri, akasoma kwa sauti yake kavu: "Leo mji wa Herufini, nyumba zake, visima vyake, ghala zake na mitaro yake, vimekuwa mali ya Nakijwa, mpishi, mgeni. Neno limetamkwa mbele za watu, neno ni neno."

Nakijwa mwenyewe akapigwa na butwaa. Mwanamke mmoja akaanza kulia. "Nyumba yangu! Nimeipaka chokaa juzi!" Mzee mmoja akauliza kama anaweza kurudi kuchukua blanketi au nalo limekwenda. Na Mheshimiwa Obedi, ambaye alikuwa amesikia neno ghala, akakaa chini taratibu, uso umemwisha rangi.

"Mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mama, ulikuwa unamaanisha kweli?"

Hapo Nakijwa akaona njia, nyeupe kama unga.

"Nimesema mji. Mmeandika mji. Mnataka nini tena?"

"Lakini kwenu mtu akishindwa kitendawili anatolewa nyumbani kwake?"

"Kwetu? Hata kidogo. Kwetu anapewa mji wowote, hata mji usiokuwapo, watu wanacheka, jibu linatolewa, wanakwenda kulala nyumbani kwao. Ni namna ya kusema."

"Basi isomwe hivyo!" Obedi akaruka. "Neno lako lisomwe kwa desturi ya kwenu! Wewe ndiwe uliyelisema!"

"Isomwe hivyo!" watu wakaitikia, na yule wa chokaa ndiye aliyepaza zaidi. "Kwa desturi ya kwao!"

Nakijwa akangoja wanyamaze. "Mnataka neno langu lisomwe kwa desturi yangu, kwa sababu likisomwa kwa desturi yenu mtalala nje. Ni haki. Sasa niambieni, na hawa Wayahudi wa kale waliotuletea Kitabu, hawana haki hiyo? Wao hawakuwa na namna zao za kusema?"

Shemaya alishusha kalamu.

"Jibu la kitendawili ni jicho," Nakijwa akaendelea. "Watu wale walimwita mkarimu mwenye jicho jema. Mchoyo wakamwita mwenye jicho baya. Jicho hilo kazi yake huonekana mkononi, katika kutoa na kunyima. Hata ninyi mnasema fulani ana kijicho, na hamwendi kumpima kwa bao la herufi. Karani, wewe msomaji. Yako maneno katika Sheria yanayomwonya mtu jicho lake lisije likawa baya kwa ndugu yake maskini. Likiwa baya anafanya nini? Anajikwaa? Anashindwa kusoma?"

Shemaya alikuwa amekwisha kufungua. Alipekua, kidole kikashuka ukurasani, kikasimama. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Akarudia. Alipoinua kichwa, alionekana kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Hampi kitu," akasema. "Imeandikwa papa hapa. Jicho lake likiwa baya, anamnyima ndugu yake." Akavuta pumzi ndefu. "Nimenakili mstari huu mara tisa."

Zila aliuachia mkono wa mama yake kisha akaushika tena, safari hii polepole. Watu wote uani walikuwa wakimtazama Bi Yokebedi, na hakukuwa na mmoja kati yao ambaye hakuwahi kula kwake.

"Kwa hiyo," akasema karani, akiandika, "Yokebedi, jicho jema. Mwili wote una nuru."

Vigelegele vikapigwa hata kuku wa serikali wakatawanyika. Lakini Waherufi ni Waherufi. Vilipopoa tu, mtu mmoja akasema, "Na mwenye jicho baya hutolewa nje ya ukuta," na macho yote yakamgeukia Mheshimiwa Obedi. "Ghala saba!" wakapiga kelele. "Na kivuli! Alitunyima kivuli! Gizani!" Shemaya akaanza kuuliza kwa dhati ni konzi ngapi za mtama zinazotosha kufanya jicho liwe jema, ili atunge sheria.

Obedi alishika mikono ya kiti chake akatazama chini.

Bi Yokebedi akapita katikati ya watu, akikwepa wa upande wa kulia na kuwagonga wa upande wa kushoto, mpaka akafika kitini.

"Mheshimiwa, umekula leo?"

"Sijala," Obedi akajibu kwa sauti ya mtoto. "Nimepima macho tangu asubuhi."

"Sasa anatolewaje mtu na njaa? Njoo nyumbani. Kuna maharage. Na ninyi acheni kelele, mkitaka kuja njooni, lakini kila mtu na bakuli lake." Akageuka. "Na mtama, mheshimiwa, kama ungeleta kidogo wa uji, tusingekataa."

Alileta kapu moja. Njiani alirudi akaleta la pili, na watu wakamwona akiung'oa uzio wa kivuli kwa mkono wake mwenyewe. Sikusema alibadilika akawa mtu mwingine. Nasema makapu yalikuwa mawili.

Karani akamfuata Nakijwa hadi mlangoni. "Na mji? Umeurudisha kwa maandishi au kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Bwana Shemaya."

Alisimama akitaabika. Kisha, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, akalifunga daftari bila kuandika. Alipotoka alikutana na Msikiliza Chuki barabarani, katikati kabisa, penye nyasi. Akamsalimu.

Kesho yake asubuhi Zila alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa mazoea, midomo ikafunguka, halafu hakujua aseme nini. Mama yake akamngoja.

"Mama," akasema. "Umeamkaje?"

Bi Yokebedi akajishughulisha na sufuria muda mrefu sana kwa uji mdogo kama ule.

Nakijwa aliwatazama wawili wale, kisha akautazama uji, mweupe, usio na sukari. Akasimama, akaenda chumbani, akainama chini ya kitanda bila taabu, maana kamba alikuwa ameivua jana. Akarudi na lile bonge la sukari guru, akaliweka katikati ya meza.

"Lilikuwamo tangu nilipokuja," akasema. "Nililificha. Nimesimama uani nikawafundisha watu habari za jicho, na bonge liko chini ya kitanda." Akakaa. "Dada, kumbe mwenye mtoto wa jicho humu ndani ni mimi."

Bi Yokebedi akalichukua, akalisogeza karibu na jicho lake zima, akalinusa, akavunja kipande kikubwa akakitumbukiza kwanza katika bakuli la mgeni wake.

"Mtoto huyo," akauliza, kicheko kikiwa kimeshatangulia, "ameandikishwa?"

Basi mimi nimeishia hapo, kwenye hilo bakuli. Nipeni huo mchele nione kama mmetoa mawe yote.